Mtumbwi wa Gome Kando ya Gichigami

Kutoka Minneapolis hadi Duluth ni kama kilomita 250. Ukishafika huko unalifuata Ziwa Superior, ambalo Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, huliita Gichigami, ukielekea Wisconsin. Nilikuwa nimesikia kwamba upande huo yupo mzee anayeunda wiigwaasi-jiimaan, mtumbwi wa gome la mti wa birch. Mimi ni mtoto wa Lamu. Chombo kinapoundwa sipiti bila kusimama.

Ilikuwa mwisho wa Juni, na kumbe ndio msimu wenyewe: utomvu umepanda, gome linaachia shina bila ubishi. Tuliingia msituni alfajiri. Mzee aliupapasa mti mmoja baada ya mwingine na kuuacha. Huu una mafundo, ule mwembamba, ule gome lake linapasuka likikunjwa. Jua lilikuwa la utosi aliposimama mbele ya mti mmoja mnene, mweupe. Akaweka tumbaku chini ya shina, akanena kwa lugha yake, ndipo akatoa kisu. Alichanja mara moja tu, wima, gome la nje peke yake, maana ukikata la ndani mti unaweza kufa. Gome likafunguka taratibu mikononi mwetu, jororo na zito kama ngozi iliyolowa.

Miti minene hivyo imekuwa adimu, na kwangu mimi kuupata mti ndiyo kazi kubwa kuliko kuunda. Nikajua pia kwamba haki ya kuvuna humo ilipiganiwa. Wazee wa Kiojibwe walipoikabidhi Marekani ardhi kwa mikataba ya 1837 na 1842 hawakuiachia haki hiyo, lakini jimbo halikuiheshimu hadi mahakama ya rufaa ilipoithibitisha mwaka 1983.

Uwanjani kwake gome lililazwa chini, upande mweupe juu kwa sababu ndio utakaokuwa ndani, likagandamizwa kwa mawe. Kisha kingo zake zikainuliwa na kushikiliwa kwa vigingi. Huanza ngozi, mataruma, yaani mbavu za chombo, baadaye. Pembeni ulikuwepo mtumbwi mwingine uliofikia hatua hiyo: vipande vya mwerezi vilivyopasuliwa vyembamba, vikalainishwa kwa maji ya moto, vikapindwa na kukaushwa, sasa vinagongwa ndani kutoka ncha kuja katikati mpaka gome likakaza kama ngoma. Kalafati yao ni utomvu wa msonobari uliochemshwa na mafuta na unga wa mkaa. Nikakumbuka deheni yetu, mafuta na chokaa tunayopaka vyombo.

Ila kilichonishika roho ni mshono. Uzi wao ni wadab, mizizi ya spruce, mti wa jamii ya msonobari, inayomenywa, kupasuliwa katikati na kulowekwa. Msumari hakuna. Kwetu mtepe, jahazi la kale, ulishonwa hivyohivyo, kwa kamba za makumbi ya nazi, nami mtepe nimeuona makumbusho tu. Hapa mzizi ulikuwa mbichi, unanichuruzikia maji mkononi, na mzee ananipa msharasi nitoboe.

Mishono yangu mitatu ya kwanza aliifumua. Nilikuwa nimetoboa matundu yote kwenye mstari mmoja, na gome hupasuka kufuata mstari. Akanionyesha: tundu moja karibu na ukingo, linalofuata mbali kidogo. Nilishona siku mbili, magoti chini. Jioni ya mwisho alipitisha kidole juu ya mishono yangu yote, akasogea kwenda kuanza upande wa pili.