Jeju kwa Basi, kwa Ridhaa ya Upepo

Kosa la kwanza la wengi wanaokwenda Jeju, kisiwa cha Korea Kusini, hufanyika kabla hawajaondoka Seoul, nalo ni kwenda uwanja wa ndege usio wake. Ndege nyingi za kuelekea kisiwani humo huruka kutoka Gimpo, uwanja wa zamani ulio karibu na katikati ya jiji, na si Incheon ambako wageni wengi kutoka ng'ambo hushukia. Hilo nililijua, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutimiza mwaka mmoja nikisoma Korea Kusini. Nisilolijua ni tofauti ya nauli: tiketi yangu ya Jumanne niliipata kwa won 38,000, ilhali mwanafunzi mwenzangu aliyenifuata siku ya Ijumaa alilipa zaidi ya mara mbili. Safari yenyewe huchukua kama saa moja na dakika kumi.

Ilikuwa Novemba 2022, na nilikuwa na siku tano. Jeju ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,850, yaani imeizidi Unguja yetu kidogo tu, na kwa kuwa nimezaliwa Unguja nilidhani nitaizunguka yote kwa siku mbili. Nilisahau kwamba katikati yake umesimama mlima wa volkano wenye kimo cha mita 1,947, mrefu kuliko wote Korea Kusini, na kwamba barabara zote ama zinauzunguka mlima huo ama zinaupanda. Mji wa Jeju, wenye uwanja wa ndege, uko kaskazini. Mji wa Seogwipo uko kusini. Ushauri wangu kwa anayekwenda majira ya baridi ni kulala Seogwipo, kwani upepo wa kaskazini-magharibi unaotoka bara hukingwa na mlima, na tofauti ya joto kati ya miji hiyo miwili huihisi mara ushukapo kwenye basi.

Sikukodi gari, na sijutii. Mabasi ya buluu ndiyo ya njia kuu, ya kijani huingia vijijini, na mekundu ni ya haraka na nauli yake ni kubwa zaidi. Kadi ya T-money niliyoitumia kwenye treni za Seoul ilifanya kazi vilevile kisiwani. Kwa basi la buluu nilikatwa won 1,150, hata pale nilipokaa garini zaidi ya saa nzima. Jambo la kuzingatia ni kugusisha kadi tena wakati wa kushuka, maana bila hivyo hutapata haki ya kuunganisha basi jingine bure ndani ya dakika 40. Njia nilizozitumia zaidi ni 201, inayofuata pwani ya mashariki, na 281, inayokatiza mlimani kati ya miji miwili. Ramani ya Google haikuweza kunipa maelekezo ya kutembea kwa miguu nchini humo. Nilitumia Naver Map, programu ya ramani ya Kikorea, ambayo huonyesha pia basi limebakisha vituo vingapi kukufikia. Vijijini basi moja likikupita unaweza kusubiri dakika 40, na ukisubiri kwenye upepo dakika hizo huwa nyingi.

Siku ya pili ndipo nilipolipia uzembe wangu. Njia zinazofika kileleni mwa Hallasan, ule mlima wa katikati, ni mbili tu, Seongpanak yenye kilomita 9.6 na Gwaneumsa yenye kilomita 8.7, na zote zinahitaji nafasi iliyowekwa mapema kwenye mtandao: watu 1,000 kwa siku kwa njia ya kwanza na 500 kwa ya pili. Nilipofungua ukurasa wa kuweka nafasi usiku wa kuamkia safari, zote zilikuwa zimejaa. Hata mwenye nafasi hana uhakika, kwani asiyefika kibanda cha Jindallaebat kabla ya saa iliyowekwa hurudishwa, na upepo ukizidi mlima hufungwa kwa wote.

Basi nikaenda Yeongsil, njia isiyohitaji kuweka nafasi, na sasa naona ndiyo niliyopaswa kuichagua tangu mwanzo. Basi la 240 hukushusha langoni, kisha kuna mwendo wa kama kilomita mbili na nusu kwenye lami kabla ya kuufikia mwanzo wa njia yenyewe, ambayo ni kilomita 3.7 hadi Witse Oreum, kwenye mita 1,700. Kwa mkono wa kulia unasimama ukuta wa nguzo za miamba ambazo wenyeji wanasema ni wana 500 wa Seolmundae, bibi jitu aliyekiumba kisiwa kwa udongo alioubeba kwenye sketi yake. Juu, miti ilikoma na upepo ukaanza kusukuma kwa kweli. Nilikuwa na koti zuri lakini sikuwa na glavu, na nilikula chakula changu nimeupa mgongo upande unakotoka upepo, kama wafanyavyo mbuzi wa Makunduchi mvua inapokuja.

Siku ya tatu nilikwenda mashariki kwa basi la 201. Seongsan Ilchulbong ni kilima cha volkano kilichoingia baharini, kina kimo cha mita 182, na hupandwa kwa ngazi kwa muda wa nusu saa hivi. Kiingilio ni won 5,000, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi hufungwa. Kutoka bandari iliyo karibu, kivuko cha kwenda kisiwa kidogo cha Udo huchukua dakika 15, na ni lazima uwe na pasipoti au kitambulisho kwa ajili ya fomu ya abiria. Mimi nilikuwa na kitambulisho, nikaijaza fomu, kisha vivuko vikasimamishwa kwa sababu ya mawimbi.

Nikapanda tena basi hadi Sehwa, kwenye Makumbusho ya Haenyeo, na hapo nilikaa mchana mzima. Haenyeo ni wanawake wanaozamia bila mtungi wa hewa, mpaka mita kumi na zaidi, wakitafuta mwani, pweza na konokono wa baharini. UNESCO iliutambua utamaduni wao mwaka 2016. Boya lao, taewak, zamani lilikuwa kibuyu. Kwa mtu aliyekua akiwaona mama zake wa Paje wakiingia majini kwa mwani tangu kilimo hicho kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuna kitu kilichonigusa kama picha za mikono ile. Nje, kwenye gati, nilimkuta bibi mmoja akianika mwani. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kisiwani humo mkubwa yeyote, mwanamume au mwanamke, huitwa samchun, neno ambalo bara humaanisha baba mdogo au mjomba. Nilipomwamkia hivyo alicheka sana, akaniuliza kama kwetu kuna bahari. Nilimwambia ipo, na wanaoingia kwa ajili ya mwani ni wanawake. "Wanaume wanafanya nini?" akauliza, na Kikorea changu kikaniishia hapo.

Kuhusu chakula, Mwislamu ajiandae. Nyama ya nguruwe mweusi ndiyo fahari ya kisiwa na mabango yake yako kila kona, na hata mchuzi unaoonekana kuwa wa mboga huenda umechemshwa kwa mifupa. Nilikula samaki wa kuchoma, hasa okdom, na uji wa wali wenye jeonbok, konokono wa thamani anayeng'olewa kwenye miamba. Mjini Jeju upo pia mkahawa wa chakula cha Kiyemeni, maana mwaka 2018 Wayemeni wapatao 500 waliokimbia vita walifika kisiwani wakitumia ruhusa ya kuingia bila viza, ambayo baadaye waliondolewa. Nilikula mkate na kuku wa viungo, na ladha yake haikuwa mbali na ya Washihiri wa kwetu.

Acha nafasi kati ya ndege ya kurudi na jambo lolote lisilosubiri. Januari 2016 theluji na upepo viliwakwamisha makumi ya maelfu ya abiria hapo. Mimi nilikwama kwa muda wa saa tatu tu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimenunua mfuko wa machenza kwenye kibanda kisicho na muuzaji kando ya shamba, ambapo mtu huchukua mfuko na kutumbukiza pesa kisandukuni. Tangazo la kupanda ndege liliposikika, yalikuwa yamebaki mawili.