Nusu ya Pili ya Shahada

Usiku huu nimeikatiza tena katikati shahada, lile tamko la imani ya Kiislamu. Nimekaa chumbani, mlango nimeufunga, nikaanza kwa sauti ya chini: Ash-hadu an laa ilaaha illa Llah. Hapo sina taabu. Kwamba hakuna apasaye kuabudiwa ila Mungu mmoja, nimelelewa nalo tangu nikiwa mtoto wa kanisani, ingawa tulilisema kwa maneno mengine. Nusu ya pili, ile inayomshuhudia Muhammad kuwa Mtume wake, ndiyo inayonikwama kooni.

Sijasilimu. Naliandika wazi kwa sababu marafiki Waislamu wameanza kuniita ndugu, na wale wa kanisani wameanza kufunga kwa ajili yangu, nami sitaki kumdanganya yeyote.

Nilidhani kikwazo kingekuwa sheria: swala tano, mfungo, halali na haramu. Kumbe hizo zinanivuta. Kikwazo ni mtu ambaye nilikua bila kumjua, nikisikia tu vita vyake na wake zake. Basi miezi hii nimekuwa nikisoma sira yake, yaani habari za maisha yake, polepole, na kila mara narudi palepale, pangoni Hira, mwaka 610. Ana umri wa miaka 40. Malaika anamwamuru asome, naye anajibu kwamba yeye si msomaji. Anabanwa mara tatu hadi pumzi zinamwishia. Hateremki mlimani akijitangaza. Anakimbilia nyumbani akitetemeka, akisema, "Nifunikeni, nifunikeni." Khadija, mkewe, ndiye anayemtuliza, tena kwa kumkumbusha mwenendo wake: unaunga udugu, unawabebea wanyonge mizigo yao, unawakirimu wageni, Mungu hawezi kukufedhehesha.

Kisha wahyi, ule ufunuo, ukakatika. Kimya. Akahuzunika mpaka watu wakasema Mola wake amemtupa, ndipo ikashuka Surat Dhuha: "Mola wako hakukuacha, wala hakukasirika nawe." Mtu anayejitungia utume angejitungia vipi kimya cha namna hiyo? Mimi nakijua kimya cha Mungu. Nilikaa ndani yake muda mrefu baada ya kumzika baba, na sikuwahi kukutana na nabii aliyeachwa akisubiri kama nilivyosubiri mimi. Huyu aliyefunikwa nguo akitetemeka naweza kumwamini. Karibu namwamini.

Halafu nafika Surat Nisaa, aya ya 157: hawakumuua Isa, yaani Yesu, wala hawakumsulubu. Hapo nafunga msahafu. Baba amelala chini ya msalaba. Nikiitamka ile nusu ya pili kwa ukweli, nitakuwa nimesema kwamba alichoshikilia hadi pumzi ya mwisho hakikutokea. Surat Maryam hunifariji, lakini haiondoi uzito huo. Nilipomsoma Maryam akiwa peke yake chini ya mtende, uchungu umemshika, akitamani afe kabla ya hayo, nililia kuliko nilivyowahi kulia katika Krismasi yoyote.

Ustadhi anayenifundisha hanikimbizi. Nilipomwomba radhi kwa kuchelewa, alinisomea kisa cha Ibrahim katika Surat Baqara, alipomwomba Mungu amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Akaulizwa, "Kwani hujaamini?" Akajibu, "Naamini, lakini ili moyo wangu utulie." Niliomba anisomee mara ya pili.

Lakini yapo mambo ambayo hata yeye hawezi kuyalainisha. Mama aliniuliza juzi, "Mwanangu, siku nikifa, utaniombea kwa maneno gani?" Nililipeleka swali hilo kwa ustadhi, na hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alinionyesha Surat Tawba, aya ya 113, akasema akiwa hai nimwombee uongofu na kila heri, ila akifa nje ya Uislamu dua ya msamaha haitakuwepo. Kisha akanifungulia Surat Luqman, kuhusu wazazi wasioafiki imani ya mtoto wao: usiwatii katika shirki, yaani kumshirikisha Mungu, lakini kaa nao kwa wema duniani. Aya hiyo nimeinakili kwa mkono wangu. Nampenda ustadhi kwa kutonidanganya. Jibu lake bado linaniuma kifuani ninapoandika.

Leo kabla ya alfajiri nilitawadha kama nilivyofundishwa, maji yakapita usoni, mikononi, kichwani, miguuni. Sikuswali, kwa kuwa sikutaka kusimama kwa nia nisiyokuwa nayo. Nilisujudu tu. Ndani ya swala tano za faradhi mna sijda 34 kwa siku, nami nilikuwa na moja. Nikasema subhana Rabbiya l-A'la, nikakaa humo paji la uso likiwa chini, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule kimya hakikunitisha.

Kulipopambazuka nikampigia mama kumjulia hali. Naye alikuwa ameamka zamani, akiniombea.