Saa mbili na dakika arobaini: jinsi tulivyomtoa mdogo wangu kasho, mahabusu ya polisi

Simu ya jirani iliingia Alhamisi usiku, mwezi wa saba, wakati ile baridi ya Lubumbashi, huku kwetu Kongo, inawafanya watu wafunge milango mapema. "Yaya, polisi wamemchukua mdogo wako pale anapochajia watu simu." Nilijitanda kitenge nikakimbia, lakini nilipofika Katuba, mtaa wetu, kibanda chake kilikuwa kimeshafungwa.

Chini ya benchi la wateja walikuta vipakiti vya bangi vilivyofungwa kwa karatasi za daftari. Vijana watatu waliokuwa wamelikalia walikimbia. Yeye alibaki, kwa sababu simu kumi na moja za watu zilikuwa kwenye umeme na aliogopa zisiibwe.

Jirani mmoja, dereva wa lori, ndiye aliyetumaliza. Alimweleza mama kwamba kule Singapore mtu akikutwa akisafirisha bangi ya zaidi ya gramu 500, ananyongwa. Ni kweli, sheria yao iko hivyo. Lakini Katuba si Singapore, na vipakiti vile vingeenea kwenye kiganja. Mama hakugusa bukari, ugali wetu, siku mbili.

Kwenye kituo, OPJ, yule ofisa wa polisi anayepeleleza kesi, aliniambia nilete dola 300 "tuimalizie hapa", la sivyo kijana anaenda gereza la Kasapa. Nilikuwa na dola 180 za likelemba, mchezo wetu wa kupokezana pesa. Watu wote wa parseli yetu, tunaokaa uwanja mmoja, walinishauri nisilete avoka, yaani wakili: "Ataharibu, Shefu atakasirika." Naona aibu kusema, lakini niliwasikiliza. Ijumaa na Jumamosi zilipita nikizunguka sokoni kukopa hizo 120. Mteja wangu mmoja wa vitenge ndiye aliyeniuliza: "Ukilipa, utapewa karatasi gani?" Sikuwa na jibu.

Jumatatu asubuhi nilienda Baro, chama cha maavoka, kwenye ofisi yao ya ushauri wa bure. Wanasaidia wasio na kitu, ila kwanza unatakiwa ulete cheti cha umaskini kutoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Mimi nauza vitenge. Nani angenipa cheti hicho? Basi wakanielekeza kwa avoka kijana, bado stajieri, yaani yuko mafunzoni, ambaye alikubali dola 100 kwa mafungu mawili.

Nilitegemea aniulize kama mdogo wangu ana hatia. Aliuliza: "Mama, walimkamata saa ngapi?" Nikamfungulia simu yangu: jirani alipiga Alhamisi saa mbili na dakika arobaini usiku. Akaiandika. Akaniambia Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, inasema kukaa kwa polisi kusizidi saa 48. Zikiisha, mtu aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria. Kwa hesabu ya simu yangu zilikuwa zimeisha Jumamosi usiku.

Tukaenda pamoja. Kwenye rejista ya kituo kulikuwa kumeandikwa kwamba amekamatwa Jumamosi asubuhi.

Ningekuwa peke yangu ningepiga kelele, na pengine ningelala humo humo. Metre, ndivyo tunavyomwita avoka, alinakili mstari ule kimya, akashukuru, tukatoka. Alasiri barua yake ilikuwa parke, ofisi ya waendesha mashtaka, ikiwa na jina la jirani aliyekuwa tayari kushuhudia. Kesho yake mdogo wangu akahamishiwa huko.

Prosè-verbal, karatasi ya maelezo yake kwa polisi, ndiyo iliyotusumbua zaidi. Ilikuwa ya Kifaransa, na chini kuna sahihi ya mdogo wangu, aliyeishia darasa la tatu. Ilisema yeye ndiye anayeuza. Metre akanivuta pembeni: "Niambie ukweli, nisije nikausikia mara ya kwanza mbele ya jaji." Nikameza mate. "Metre, anavuta. Lakini hauzi." Hakuniambia kwamba kuvuta si kosa. Alisema tu kwamba hayo ni mambo mawili, na karatasi imeyafanya moja.

Mbele ya majistra wa parke aliomba kijana asikilizwe upya kwa Kiswahili, kwa kuwa Katiba inataka mtu aelezwe mashtaka kwa lugha anayoielewa. Kisha akauliza bangi yenyewe iko wapi. Ilipimwa gramu ngapi? Nani aliifunga na kuitia muhuri? Karatasi ilisema "kiasi fulani" na kuishia hapo. Na vijana watatu waliokimbia? Hakuna aliyekuwa amewatafuta. Akasoma kifungu cha 17: mtu hashitakiwi kwa tendo la mwingine.

Majistra hata hivyo alitoa hati ya kumshikilia, ile wanayoiita MAP, na hapo moyo wangu ulianguka. Metre akanieleza kwamba nayo ina siku zake: ndani ya siku tano lazima jaji wa tribinali ya amani, mahakama ya ngazi ya chini, aseme kama anabaki au anatoka. Jaji akikubali abaki, ni siku 15, halafu mwezi baada ya mwezi. Nilielewa hapo jinsi watu wanavyooza gerezani bila hukumu yoyote.

Ijumaa jaji alimpa uhuru wa muda kwa dhamana. Zile 180 za likelemba zilienda huko na kwa Metre, na safari hii nilirudi na risiti, mama ameiweka ndani ya Biblia. Faili bado halijafungwa. Kila Ijumaa mdogo wangu anaenda parke kuweka sahihi, na siku hiyo mimi ndiye ninayekaa kibandani.

Benchi tulilipasua kuni, mama akasongea bukari. Wateja sasa wanangoja simu zao wamesimama.