Picha ya JPEG ikishabanwa haina kurudi, ngoja niwaoneshe kwa nini

Wenzangu mnaofanya kazi ya kuprinti mtanielewa. Mtu anakuja na picha ya marehemu mzazi wake, anataka ikuzwe iwe A3 iwekwe kwenye fremu, na picha yenyewe imeshazunguka kwenye magrupu ya familia, mmoja kaiskrinshoti, mwingine kaikata pembeni, mwingine kaiweka status halafu mwingine kaichukua hukohuko, ukiifungua kwenye kompyuta uso una viboksi viboksi. Anakuuliza kwa upole kabisa, "kaka si unaweza kuisafisha kidogo?" Inaniuma kwa kweli, maana mara nyingi ile picha yenyewe bado ipo kwenye simu ya aliyeipiga.

Iko hivi. Kompyuta haijui uso wala shati, inajua namba tu. Picha inagawanywa kwenye vidoti vya mraba, ndo hizo pikseli, na kila pikseli ina namba tatu: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani, kila moja kuanzia 0 mpaka 255. Zote zikiwa 0 ni nyeusi, zote zikiwa 255 ni nyeupe, na ukiweka 255, 255, 0 unapata njano, ndio, mwanga mwekundu na wa kijani vikikutana vinatoa njano, sio kama rangi za ukutani. Kwa mtindo huo unapata rangi 16,777,216. Kule Marekani mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake waliskani picha ya mwanae mchanga wakaiingiza kwenye kompyuta, ilikuwa pikseli 176 kwa 176 tu, na mpaka leo bado tunatumia vimraba vilevile ila vimekuwa vingi mno.

Vingi kiasi gani? Simu ya megapikseli 12 inapiga picha ya 4000 kwa 3000, hizo ni pikseli milioni 12, kila moja baiti tatu, maana kila namba inakula baiti moja, jumla baiti milioni 36, yaani megabaiti 36 kwa picha moja. Sasa angalia kwenye galari yako, picha hiyohiyo utakuta ina megabaiti tatu, nne hivi. Zingine zimeenda wapi?

Hapo ndo JPEG inapoingia, ile fomati ya kubana picha ya mafaili ya .jpg, iliyopitishwa mwaka 1992, na mi naiheshimu sana kwa kweli maana waliitengeneza kwa kulisoma jicho la binadamu. Jicho linakamata mwanga na kivuli kwa ukali sana ila kwenye rangi ni zito kidogo. Kwa hiyo JPEG inatenganisha mwanga na rangi, mwanga inautunza kwa kila pikseli, halafu kwa kawaida pikseli nne zilizo jirani zinachangia rangi moja. Kwa hatua hiyo peke yake megabaiti 36 zimeshakuwa 18 na wewe hujaona tofauti yoyote.

Halafu picha inakatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila kipande chenye namba zake 64 kinapigwa hesabu moja inayoitwa DCT, aliyeibuni ni Nasir Ahmed, mzaliwa wa India aliyekuwa anafundisha chuo kikuu Kansas, aliomba hela za utafiti mwaka 1972 akakataliwa, akaendelea hivyohivyo na mwaka 1974 yeye na wenzake wakaichapisha. Hesabu hiyo inabadilisha zile namba 64 ziwe namba zingine 64 zinazosema kwenye kipande hiki mabadiliko ya taratibu ni kiasi gani na mabadiliko ya ghafla, kama unywele au nyuzi za kitambaa, ni kiasi gani. Ukiacha ile rangi iliyopunguzwa mwanzo, hesabu hii yenyewe kimsingi haijapoteza kitu.

Kinachopoteza zaidi ni hatua inayofuata. Kila namba inagawanywa kwa kigawanyo chake halafu inakadiriwa iwe namba nzima. Tuseme namba ya vinywele ni 7 na kigawanyo ni 20, unapata 0.35, inaandikwa 0. Siku ya kuifungua kompyuta inazidisha 0 mara 20, inapata 0. Ile 7 imeondoka, haijafichwa popote, hakuna programu itakayoitoa humo. Kipande cha anga tupu kinaweza kubaki na namba moja na sifuri 63, ndo maana faili linakuwa dogo. Na vile viboksi usoni ni hivyo vipande vya 8 kwa 8, vivute karibu uvihesabu mwenyewe.

Kunakili faili hakuharibu chochote, toa kwenye flashi peleka kwenye kompyuta mara elfu, namba ni zilezile. Kinachoumiza ni kuifungua, kuiediti na kuisevu upya kama JPEG, au kuituma WhatsApp kama picha ya kawaida, maana huko inapunguzwa vipimo kisha inabanwa tena. Kubadilisha jina kutoka .jpg kwenda .png nako hakusaidii. PNG ni fomati nzuri, haitupi kitu, kwa logo na maandishi itumie hiyo, ila inatunza kilichobaki, haiwezi kukuletea kilichoondoka. Na hizi programu za AI za kung'arisha nyuso zinakisia, zinachora jicho linalofanana na macho ya watu wengine, mi sura ya marehemu wa watu siwezi kuikisia.

A3 nzuri ya kuangaliwa kwa karibu inataka pikseli kama 3508 kwa 4961. Kwa hiyo ukija kwangu na ile ya kwenye grupu, kabla hatujaongea bei nitakuuliza nani aliipiga, na kama yupo tumpigie simu hapohapo aitume kama document, sio kama picha, au aiweke kwenye flashi ampe mtu wa basi.