Siku Moja Kwenye Chumba cha Eko, Tanga

Majirani zangu wa Makorora wanajua kwamba mimi "napiga picha hospitali". Siwalaumu, maana hata karatasi nyingi zinazoletwa na wagonjwa zimeandikwa "picha ya moyo" na kuishia hapo. Lakini kazi yenyewe ni kupima moyo kwa eko, mashine inayouonyesha kwa mawimbi ya sauti. Mgonjwa mwenye valvu, yaani mlango wa moyo, iliyobana akitibiwa kwa puto Dar es Salaam, bila kupasuliwa kifua, kwenye taarifa ya habari anaonekana daktari bingwa na mgonjwa anayetabasamu, na ni haki yao kuonekana. Ila kabla ya siku hiyo kuna mtu wa mkoani aliyekaa kwenye chumba chenye giza, mkononi ana probu, kile kifaa cha mashine kinachowekwa kifuani, akihesabu milimita. Nimeamua kuandika Jumanne yangu ya juzi ili ndugu na marafiki wanaoniuliza "kwani unachoka nini?" wapate jibu.

Saa 12 asubuhi nilikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, nikapanda bajaji, saa 1 nikawa nafungua chumba. Kiyoyozi kwanza, mashine baadaye, kwa sababu joto la Tanga na mashine ya eko haviivani. Nikajaza chupa za jeli, nikabadilisha shuka, nikaingiza majina.

Kufika saa 4 nilikuwa nimeshawapima mzee mwenye shinikizo la damu la miaka mingi na kuta za moyo zilizonenepa, mtoto aliyezibwa tundu la moyo ambaye amekuja kuangaliwa tu (anaendelea vizuri sana, alicheka mpaka nikashindwa kupata picha), na mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita akiwa na moyo uliolegea. Wote walikuwa wapole.

Kisha akaingia mzee mmoja wa Chumbageni, mfanyabiashara, na mwanawe amembebea faili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Dokta, mimi leo sitaki maneno mengi. Nataka unionyeshe stenti yangu kama ipo au imehama."

Mzee huyu alipata shambulio la moyo miezi mitano iliyopita, akawahishwa Dar es Salaam, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kijiwavu cha kuuacha wazi. Nikamweleza kwamba stenti haihami. Ikishapanuliwa kwa puto inabanwa kwenye ukuta wa mshipa na inabaki hapo. Pia nikamweleza kwamba mishipa inayolisha moyo ina upana wa milimita chache tu, na eko haioni ndani yake. Ili kuiona vizuri unapelekwa kwenye kathlabu, chumba maalumu cha kazi hiyo: katheta, yaani mrija mwembamba, inaingizwa kupitia mshipa wa mkononi au wa paja, inasukumwa mpaka mlangoni mwa mishipa ya moyo, inamiminwa dawa ya rangi, na eksirei inaonyesha damu inapopita na inapokwama.

"Sasa hapa nimelipia nini?"

"Umelipia tuone ukuta wa moyo unavyofanya kazi baada ya ile damu kukatika."

"Stenti huioni?"

"Siioni mzee."

"Basi mashine yenu ni ya zamani."

Akamwambia mwanawe apige simu kwa mtu anayemjua. Mtu hakupokea. Akauliza kama kuna mashine nyingine. Akauliza kama kuna mtu mwingine. Benchi la nje lilikuwa limejaa, mimi nimesimama na probu yenye jeli inayonidondokea kiganjani, na mzee bado amekaa na shati lake limefungwa vifungo vyote. Nikamwambia, "Baba, nikikudanganya kwamba naiona stenti utatoka hapa umefurahi na hutakuwa umesaidika. Lala ubavu wa kushoto, nikuonyeshe ninachokiona." Akalala, kwa shingo upande.

Ukuta wa mbele wa moyo wake unajivuta kwa uvivu kuliko kuta nyingine, pale pale ulipokuwa umekosa damu. Nguvu ya kusukuma ilikuwa asilimia 45. Si mbaya kwa mtu aliyepitia hayo, nikamwonyesha. Alipotulia ndipo nikamuuliza dawa anazotumia, swali ambalo si lazima mpimaji aulize, ila mimi huliuliza kila mara. Akasema anatumia aspirini. Na klopidogreli, ile nyingine ya kuzuia damu kuganda? Ameiacha wiki mbili zilizopita. Fizi zilikuwa zinatoa damu akipiga mswaki, na anajisikia mzima.

Nikasimama nikamwita daktari papo hapo. Stenti ni wavu wa chuma uliowekwa ndani ya mshipa, na mpaka ngozi ya ndani ya mshipa iufunike, damu inaweza kuganda juu yake na kuziba kila kitu ghafla. Ndiyo maana aliyetoka kwenye shambulio la moyo kwa kawaida hupewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa muda wa kama mwaka mmoja, na haachi hata moja bila daktari wake kusema. Daktari Andreas Grüntzig alipozibua mshipa wa moyo wa mtu kwa puto kwa mara ya kwanza, mjini Zürich mwaka 1977, stenti zilikuwa hazijaanza kutumika. Zimekuja kuzuia mshipa usijifunge tena, lakini zimekuja na sharti hili la dawa, na sharti lenyewe ndilo wengi wanalolipuuza wakirudi nyumbani. Mzee aliondoka na dawa zake zimeandikwa upya. Hakuniaga. Mwanawe alirudi mlangoni akasema ahsante.

Saa 6 na nusu, adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita, nilikuwa nawaza wali wa mama ntilie pale nje. Ndipo akaingia binti ameshikwa mkono na mama mkwe wake.

Ana miaka 23, mimba ya miezi mitano, na wametoka Bumbuli huko milimani, wakashuka mpaka Mombo kupata basi. Karatasi yao inasema pumu isiyosikia dawa. Pumzi zake nilizisikia kabla hajakaa. Tangu mimba ilipotimiza miezi minne analala amekaa, ameegemea ukuta. Kila nililomuuliza, mama mkwe alijibu yeye.

"Amekuwa mvivu sana dokta. Hata ndoo moja ya maji."

"Mama, nakuomba ajibu mwenyewe."

Kumlaza haikuwezekana. Nikainua kichwa cha kitanda, nikamwegemeza kushoto kwa mito miwili, nikapiga magoti pembeni ili mkono wangu ufike. Picha ya kwanza ilinitosha kujua tuko wapi. Valvu ya mitrali, ule mlango wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, ilikuwa inafunguka kama mdomo wa samaki: mbawa zake zimegandana pembeni, katikati pamebaki upenyo mwembamba. Kwa mtu mzima mwenye afya upenyo huo ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Nikazungusha mstari kwenye kingo zake: 0.9. Nikarudia kwa njia nyingine, ya kuangalia jinsi shinikizo linavyoshuka: 0.9 tena.

Kuanzia hapo sikuangalia saa. Mapigo yake yalikuwa 118 kwa dakika, na lazima niyaandike kando ya kila kipimo, kwa sababu moyo ukienda mbio tofauti ya shinikizo kati ya vyumba hivyo viwili hupanda, na anayesoma bila kujua mapigo anaweza kupotoka. Tofauti hiyo ilikuwa milimita 16 za zebaki. Chumba cha juu kimetanuka hadi sentimita 5.2. Nilipofika kwenye shinikizo la mapafu umeme ukakatika. Jenereta iliwaka, mashine ikaanza kujiwasha upya polepole, na binti akapumzika dakika hizo akiwa ameketi, kichwa amekilaza kwenye bega langu. Hakuna aliyesema kitu, hata mama mkwe.

Kisha ikaja sehemu ambayo kwangu ndiyo moyo wa kazi hii. Valvu iliyobana haipelekwi kwenye puto hivi hivi. Tunaitazama kwa mambo manne: mbawa zinacheza kiasi gani, zimenenepa kiasi gani, zina chokaa kiasi gani, na nyuzi zinazozishikilia kwa chini zimeharibika kiasi gani. Kila jambo linapewa alama 1 hadi 4. Jumla ikiwa 8 au chini ya hapo, puto lina nafasi nzuri ya kuzitenganisha mbawa pale zilipogandana. Ikizidi sana, au valvu ikiwa inavuja kwa wingi, njia inageuka kuwa kisu, na upasuaji wa kufungua kifua kwa mwenye mimba ni hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo sikuharakisha. Waliokuwa nje walikuwa wameanza kugonga mlango, na sikuharakisha. Mwendo 2, unene 2, chokaa 1, nyuzi 2. Jumla 7. Inavuja kidogo tu.

Nikamuuliza binti kama utotoni aliwahi kuvimba viungo. Akafikiri. Akasema akiwa darasa la nne magoti yalivimba, likipoa hili linavimba lile, bibi yake akawa anamkanda kwa maji ya moto. Kabla ya hapo alikuwa na mafindofindo. Ndiyo njia yenyewe ya homa ya baridi yabisi: bakteria wa koo wasipotibiwa, mwili wa baadhi ya watoto huinuka kupigana nao na kuishia kuijeruhi milango ya moyo, na jeraha linakua kwa miaka bila kelele. Kidonda cha koo kinatibika kwa penisilini, na aliyekwisha kuugua homa hiyo hukingwa kwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4. Huyu hakuipata. Akaja kubeba mimba, damu ya mwili ikaongezeka karibu nusu yake, mapigo yakaongezeka, na upenyo ni ule ule. Damu ikarudi nyuma kwenye mapafu. Hiyo ndiyo "pumu" yake, na huo ndio uvivu.

Daktari alikuja, akaangalia, akaamuru alazwe leo leo na aanzishiwe dawa za kupunguza maji na kutuliza mapigo. Na rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hapo mama mkwe akasema hawezi kukubali lolote mpaka mzee wa nyumbani aseme. Tukapiga simu Bumbuli. Mtandao ukakata. Tukapiga tena. Mzee akataka mume wa binti aulizwe kwanza, mume yuko Kariakoo, hapokei. Daktari akaitwa wodini. Nikabaki mimi na simu ya spika.

"Mnasema mtamtia puto ndani ya moyo?"

"Ndiyo baba. Linapitishwa kwenye mshipa wa paja likiwa limenywea, linafika kwenye mlango uliobana, linajazwa kwa muda mfupi tu, linatolewa. Daktari Mjapani anayeitwa Kanji Inoue alianza kulitumia mwaka 1982. Siku hizi Dar wanafanya."

"Na hiyo eksirei, na mimba ile?"

Nilifurahi kuulizwa hivyo, nasema kweli. Nikamwambia eksirei inatumika kwa muda mfupi iwezekanavyo, tumbo linakingwa, na mwezi huu wa mimba ni bora kuliko miezi ya mwanzo ambapo viungo vya mtoto ndiyo vinaumbika. Nikamwambia pia kwamba kabla ya puto watamwingiza kipimo cha eko cha kupitia kooni, kuhakikisha hakuna damu iliyoganda kwenye kona ya chumba cha juu, kwa sababu kwa juu ya kifua mimi siwezi kuiona kona hiyo vizuri. Akanyamaza. Akasema wazee watakaa jioni. Nikamwambia, "Baba, jioni pumzi zitakuwa zimemwishia." Akasema nimpe mama mkwe simu. Waliongea Kisambaa, harakaharaka. Mama mkwe alipokata simu alikuwa analia, akamfunga yule binti khanga yake mabegani, akaniuliza wodi iko upande gani.

Waliobaki kwenye benchi niliwapima wote. Mmoja alinisema kwa kumchelewesha, na ana haki, alitoka Pangani alfajiri. Nilimaliza jua likielekea kuzama. Bega la kulia lilikuwa limekufa ganzi. Wapimaji wengi wa eko wanaishi na maumivu hayo, mkono unakaza probu saa nzima huku shingo imegeukia kioo. Wali nilikula nyumbani, umepoa.

Saa 3 usiku daktari akanipigia. Dar wamempokea, gari la wagonjwa linaondoka alfajiri, mume ataungana nao huko huko. Ila anaandika barua ya rufaa na anataka kuhakikisha tarakimu, kwa sababu wenzetu wa kathlabu watachagua ukubwa wa puto na kujipanga wakiwa wanazisoma. Nilikuwa nimezinakili kwenye daftari langu. Nikamsomea: eneo 0.9, tofauti ya shinikizo 16 kwa mapigo 118, alama 7, kuvuja kidogo, mapigo yana mpangilio. Akarudia moja baada ya nyingine. Aliposema "mapigo 108" nikamsahihisha, akaandika 118.