Ganzi ya vidole vya mkono wa mkasi: nilivyoishughulikia

Kabla ya dawa yoyote nilichukua kalamu ya wino na kuchora kwenye kiganja mpaka wa ganzi, usiku uleule iliponiamsha. Nawasihi mafundi wenzangu wa cherehani waanzie hapo, kwa sababu mchoro huo ndio unaoonyesha mshipa wa fahamu umebanwa wapi. Ganzi yangu ilishika gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu tu ya kidole cha pete, ule upande unaotazamana na cha kati. Kidole kidogo kilikuwa kizima. Hiyo ni ramani ya mshipa mmoja, unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Ingekuwa kidole kidogo na nusu ya pili ya cha pete, ningetafuta shida kwenye kiwiko, pale ndani ambapo ukijigonga unahisi kama shoti ya umeme. Na ganzi inayoshuka kutoka begani ukigeuza kichwa, hiyo mara nyingi ni ya shingo.

Kwenye kifundo kuna njia nyembamba. Chini na kando ni mifupa midogo, juu ni ukanda mgumu usiotanuka. Ndani mnapita kano 9 za kukunja vidole, pamoja na mshipa huo mmoja wa fahamu. Kano zikivimba kwa kazi, mshipa ndio unaoumia kwa kuwa ndio laini kuliko vyote humo. Vijishipa vya damu vinavyoulisha vinabanwa, ukikosa damu haupelekei ubongo habari sawasawa, ndiyo ganzi. Damu ikirudi unatuma habari ovyoovyo, ndiyo ile michomo ya sindano. Ni jambo lilelile la mguu ulioukalia vibaya mkekani. Kwa nini usiku? Tukilala tunakunja vifundo bila kujua, na kukunja kunaongeza mbano. Ndiyo maana ukiamka na kukung'uta mkono unapata nafuu. Tatizo hili la mshipa kubanwa kifundoni madaktari wanaliita sindromu ya handaki la karpali.

Nikajipima hivi: migongo ya viganja nimeigusanisha mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, vifundo vimekunjwa, natulia sekunde 60. Ganzi ilianza kwenye sekunde ya 25. Namba hiyo niliiandika ukutani na kurudia kipimo kila Jumapili, maana mtu akitegemea kumbukumbu atajidanganya.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kulala na kifundo kimenyooka. Nilitumia rula ya mbao ya sentimita 30, nikaikata ibaki 22, ncha nikazipiga msasa, nikaizungushia pamba na kitambaa. Niliilaza upande wa mgongo wa mkono, kutoka chini kidogo ya vifundo vya vidole hadi nusu ya njia kati ya kifundo na kiwiko, ili isikandamize njia ileile iliyobanwa. Halafu bandeji ya kuvutika ya inchi 3. Vidole viachwe huru vikunjike hadi mwisho. Nilipovifunga navyo, asubuhi viliamka vikiwa vigumu. Bandeji nayo usiikaze kwenye kifundo, kwani hapo unaongeza mbano badala ya kuupunguza. Bonyeza ukucha uwe mweupe, ukiachia wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Usiporudi, legeza.

Baadaye nilinunua bandeji maalumu ya dukani ya kushikilia kifundo. Nyingi zina bati ndani lililopindwa kuinua kiganja juu, na watu huzivaa hivyo hivyo kisha wanalalamika hazifanyi kazi. Chomoa bati, linyooshe kwa mikono juu ya meza, lirudishe. Niliivaa kila usiku kwa wiki 6 bila kuruka. Kufikia wiki ya 2 nilikuwa naamka mara moja badala ya mara tatu au nne; wiki ya 8 kipimo cha sekunde 60 kilipita bila ganzi.

Mchana nilibadili ukataji. Khaki ya sare nilikuwa nakata tabaka 6 kwa mpigo; nikashuka hadi 2, mkasi umenolewa, ubapa wake wa chini ukitelezea juu ya meza ili mkono usiubebe. Mishikio niliizungushia vipande vya kitambaa iwe minene, kwani kushika kitu chembamba kwa nguvu kunavuta kano zaidi. Pasi ya mkaa naisukuma kwa mkono mzima, kifundo kimenyooka. Kila nusu saa napumzika dakika 2: vidole vinyooke, vikunjwe kama ndoano, kisha ngumi kamili, mara 5. Maumivu yakiongezeka, naacha.

Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vinauzwa sana kwa ganzi. Havifungui mshipa uliobanwa, na vitamini B6 nyingi kwa miezi yenyewe huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi. Hata hivyo, aliyepewa B6 hospitali pamoja na dawa ya kifua kikuu asiiache, kwani inamkinga. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka aulizie kipimo cha B12. Nilipima pia sukari na tezi ya shingo, kwa sababu vyote viwili huleta ganzi ya mikono. Wajawazito huipata sana, na kwa wengi hupungua baada ya kujifungua.

Yako mambo ambayo rula haitibu. Nyama iliyo chini ya gumba ikianza kubonyea, sindano ikikuponyoka, au ganzi ikikaa mchana kutwa, nenda kwa daktari wa mifupa mapema: kuna sindano ya kupunguza uvimbe, na kuna upasuaji mdogo wa kukata ule ukanda. Mshipa ulioharibika huota takriban milimita 1 kwa siku, hivyo kila mwezi wa kusubiri una gharama yake. Ganzi ya nyayo zote mbili kama umevaa soksi ni ya kupima sukari kwanza. Na ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au maneno kukwama, ni hospitali saa hiyohiyo, huenda ni kiharusi.

Msimu wa sare, Desemba na Januari, navaa rula tena kabla ganzi haijarudi. Kila Jumapili nagusa pande mbili za kidole cha pete kwa ncha ya pamba. Zikihisi sawasawa, naendelea na kazi.