Kipilefti cha Kigali

Neno la Kiingereza linalotutoka mdomoni mara nyingi sisi madereva wa malori ni left, ingawa peke yake hatulitamki. Limejificha ndani ya kipilefti. Dar es Salaam utasikia: ukifika kipilefti cha Sanamu ya Askari, nyoosha na Samora. Arusha na Moshi wana vipilefti vyao vya mnara wa saa.

Chanzo ni kibao. Tunaendesha kushoto tangu enzi za Waingereza, na penye mzunguko dereva aliandikiwa "Keep left". Watu wakapaita mahali penyewe hivyo. Kisha ile ki ya mwanzo ikasikika kama ki ya kiti na kikombe, basi vikiwa viwili ni vipilefti. Kitabu nacho, kilipotoka kwenye Kiarabu, kilipokelewa vivyo hivyo. Napenda sana lugha yetu inapomvika mgeni kanzu namna hii.

Left lenyewe limetoka mbali. Katika Kiingereza cha kale lyft lilikuwa dhaifu, na mkono wa kushoto uliitwa winstre. Baadaye udhaifu ukawa ndilo jina la mkono, na wa pili ukapewa right, neno la kilichonyooka na kilicho sawa. Sisi tuliutaja mkono kwa kazi yake: wa kulia chakula. Utingo wangu ni mashoto, na sijaona mtu anayekaza kamba za turubai kama yeye, kwa hiyo jina la udhaifu silikubali hata kidogo.

Ukishavuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, magari yanapita kulia. Usukani wetu uko kulia pia, kwa hiyo mimi najikuta kando ya mtaro na utingo ndiye anayeiona barabara ya mbele. Kuovateki ni kwa macho yake. "Bado, bro. Bado. Haya, twende!" Kwenye milima ile kosa moja linatosha, na namwamini.

Kigali, penye mzunguko, tunashika kulia na kuzunguka kinyume cha nyumbani. Lakini mwenzetu akipiga simu kuuliza tumeegesha wapi, tunamjibu: mbele kidogo ya kipilefti. Anafika bila kuuliza tena.